Baiskeli isiyokusumbua Malindi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kinachoua baiskeli Malindi ni chumvi na mchanga. Kusi ikivuma, unyevu wa chumvi huifuata baiskeli hata ndani ya ua, mbali na ufuo. Basi anayenunua baiskeli yake ya kwanza, ya kwenda sokoni, kazini na kuamkia jamaa, aangalie mambo mawili kabla ya bei na rangi: sehemu zipi zimeachwa wazi, na spea zipi fundi wa mtaani anazo. Mengi anayoambiwa dukani hayagusi hata moja kati ya hayo.

"Gia 21 ni bora kuliko 3"

Gia 21 ni sahani tatu za meno mbele na saba nyuma, na nyingi kati yake hurudiana: ukihama kutoka moja hadi nyingine mguu hauhisi tofauti yoyote. Tena mfumo wote huo uko nje. Mchanga huingia kwenye vigurudumu vidogo vinavyovuta mnyororo, waya hushika kutu ndani ya ala yake, na baiskeli ikiangukia upande wa kulia, mkono wa gia hupinda na mnyororo huanza kurukaruka.

Mji wenyewe ni tambarare. Gia moja yatosha kwa safari za mjini. Ukitaka kufika Gede, kilomita kama 16, huku upepo ukikupiga usoni, chukua gia tatu zilizofungiwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Kampuni ya Sturmey-Archer, iliyoanzia Nottingham, Uingereza, na ambayo sasa iko Taiwan, imezitengeneza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na habu yake inayojulikana zaidi, AW, hupunguza mwendo kwa robo katika gia ya kwanza na kuuongeza kwa theluthi katika ya tatu. Chumvi haifikii meno hayo kwa urahisi.

Kinachoharibu habu hii ni waya wa gia uliolegea au uliokazwa kupita kiasi. Weka gia ya 2, kisha chungulia kwenye tundu la nati ya kulia: bega la kile kijiti kinachoshika kimnyororo kidogo kinachovutwa na waya liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Likipita au likipungukiwa, kaza au legeza waya. Ukiacha hivyo, pedali zitateleza ghafla umesimama juu yake, na meno ya ndani yataliwa.

"Tairi ya inchi 26 ni tairi ya inchi 26"

Hapa ndipo pesa hupotea. Inama usome ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, zote kwa milimita. Baiskeli ya mtindo wa milimani ya 26 × 1.95 ina rimu ya 559. Mtumba wa kutoka Japani ulioandikwa 26 × 1⅜ una 590. Zote zinaitwa 26, na hazivaliani kabisa. Vivyo hivyo Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ya 28 × 1½ ni 635, ilhali baiskeli nyingi za mjini kutoka Ulaya ni 622.

Kabla ya kulipa, andika tarakimu hizo mkononi, uende kwa mafundi wawili uwaulize kama wana tairi na tyubu zake. Wakisema ni ya kuagizwa Mombasa, hiyo si baiskeli isiyosumbua, hata kama ni nzuri namna gani. Angalia na valvu pia: ile nene ya aina ya gari hujazwa upepo kwenye kituo cha petroli chenye pampu ya upepo.

Tairi nyembamba si lazima ikimbie zaidi. Kwenye barabara zenye mchanga na mashimo, upana wa milimita 37 hadi 50 hukaa vizuri. Upepo hupungua wenyewe, kwa hiyo jaza kila wiki mbili, bila kuvuka kiwango kilichochapishwa ubavuni. Tyubu yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba haikuchomwa na mwiba. Imebanwa na rimu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

"Alumini haili kutu, basi nimemaliza"

Haishiki kutu nyekundu, ni kweli. Lakini alumini ikigusana na chuma palipo na chumvi huliwa na kutoa unga mweupe, na bomba la siti hunasa ndani ya fremu hata fundi alikate kwa msumeno. Kila miezi mitatu lichomoe, ulifute, ulipake grisi nyembamba, ulirudishe. Fremu ya chuma nayo inahitaji hivyohivyo, maana huoza kuanzia ndani.

"Breki ni breki"

Chukua sumaku ndogo uiguse rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma, na breki za mpira zitateleza vibaya mvua ikinyesha. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi. Bora kabisa kwa mvivu wa matengenezo ni breki ya ndani ya habu inayofunga ukikanyaga kurudi nyuma, ila mnyororo ukitoka nayo haipo tena. Lazima iwepo ya mkono mbele. Diski si za lazima.

"Mnyororo uloweshe oili"

Oili nyingi hukamata mchanga na kugeuka msasa unaosaga meno. Tia tone moja kwa kila rola, zungusha pedali, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Oili chafu ya gari usiitumie, ina masizi na vumbi la chuma. Kasha linalofunika mnyororo wote hupunguza kazi hii sana, ukilipata, lipia.

Kupima uchakavu, nyoosha mnyororo: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Kwa gia moja au za ndani, badilisha ikifika 12⅛. Kwa gia za nje, 12 na 1/16.

Ukipita ufuoni, suuza siku hiyohiyo kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya ndoo, si kwa mashine ya kuoshea magari, ambayo husukuma maji hadi kwenye gololi. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, tumia ya mfereji au ya mvua.