Kitanzi kilichoiondoa Linux kwenye C ya 1989

Vijana ninaowafundisha kuandika draiva (programu inayoendesha kifaa) hapa Dodoma hushangaa kusikia kwamba kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ilitumia lugha ya C ya mwaka 1989 hadi 2022. Kwa hakika ilitumia lahaja ya kompaila ya GCC iitwayo gnu89, ambayo ilikwisha kuazima mengi kutoka C99 (C ya mwaka 1999), lakini haikuwa na ruhusa moja ndogo: kutangaza kigeu ndani ya mabano ya kitanzi cha for, yaani amri ya kurudia hatua.

Chukua mfano wa draiva inayosoma vihisi vya unyevu wa udongo katika shamba la zabibu la Hombolo. Vihisi vimo katika orodha, na draiva inatafuta kihisi namba 7 kwa list_for_each_entry, makro (kifupisho cha msimbo) inayojenga kitanzi cha for cha kupitia orodha. Kisipopatikana, kitanzi huisha huku pointa (kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu) ikielekea anwani iliyokokotolewa kutoka kichwa cha orodha, mahali pasipo na kihisi chochote. Kwa kuwa si NULL (anwani tupu), ukaguzi wa kawaida huipitisha, na mkulima huletewa kiwango cha unyevu ambacho hakuna chombo kilichokipima. Kompaila hainung'uniki, maana pointa ilitangazwa nje ya kitanzi na kuitumia baadaye ni halali kabisa.

Mjadala wa kasoro za namna hii ndio uliomfanya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, Februari 2022, apendekeze pointa hiyo itangazwe ndani ya kitanzi na iishie humo humo. Toleo la 5.18 la kerneli, lililotoka Mei mwaka huo, likahamia gnu11, lahaja ya GCC ya C11 (C ya mwaka 2011). Njia ilikwisha kusafishwa mwaka 2021, GCC 5.1 ilipofanywa kuwa toleo la chini kabisa la kompaila lililokubalika wakati huo.

Hata hivyo, kubadili -std, chaguo linaloiambia kompaila itumie C ipi, si kubadili mtindo. C99 ilileta pia safu ambazo urefu wake hujulikana programu ikiwa inaendeshwa. Kerneli, ambayo kwenye x86-64 kwa kawaida huipa kila kazi sehemu ya kumbukumbu ya KB 16 tu kwa ajili ya steki, mahali pa kuweka vigeu vya muda (ubahili wa lazima), ilizifuta safu hizo zote kufikia toleo la 4.20 mwishoni mwa 2018. Ndiyo maana sipendi mwongozo unaosema tu "C11 inaruhusiwa". Utaje kipengele kimoja kimoja.

Na -std iandikwe waziwazi. GCC 15 ya mwaka 2025 huchukua gnu23, lahaja ya C23, usipoiambia kitu, na humo bool, true na false ni maneno ya lugha yenyewe, hivyo msimbo wa zamani uliojitengenezea bool yake kwa typedef (amri ya kuipa aina ya data jina jipya) hukataliwa papo hapo.