Jehanamu ipo, orodha ya majina haipo

Nafundisha historia ya mafundisho ya Kanisa hapa Tanga. Swali la jehanamu huniijia zaidi msibani kuliko darasani: huyu aliyekufa mlevi, au aliyejiua, ndiyo yuko motoni? Mara nyingi anayeuliza ameshajibiwa na mhubiri mwenye kipaza sauti huko mtaani Ngamiani.

Kanisa Katoliki halifichi neno. Katekisimu, kitabu chake cha mafundisho, aya ya 1035, inasema jehanamu ipo na ni ya milele, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. (Moto wahubiri wanaupenda kuliko Katekisimu inavyoupenda.) Lakini Kanisa hilohilo, lenye watakatifu tele liliowatangaza kwa majina, halijawahi kumtangaza mtu hata mmoja kuwa yuko jehanamu. Hata Yuda Iskarioti. Na kuhusu waliojiua, aya ya 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao.

Walutheri, waliojaa kule Usambara, wanashika Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la 1530; kifungu cha 17 kinawakataa wanaodai adhabu ya waovu itakoma. Ubishi huo ni wa kale. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliuona moto wa Mungu kuwa wa kutakasa. Askofu Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzake, alishika Mathayo 25:46: “adhabu ya milele” na “uzima wa milele” zimo katika aya moja, ukiifupisha ya kwanza umeifupisha na ya pili. Sijaona aliyeikwepa hoja hiyo kirahisi.

Waanglikana wana jambo ambalo hata wengi wa Magila, misheni yao ya zamani kule Muheza, hawajalisikia. Makala 42 za imani za Kanisa la Uingereza, kanisa mama lao, za 1553 zilifungwa kwa kifungu kinacholaani fundisho kwamba mwishowe wote wataokoka. Zilipopunguzwa mwaka 1563, kifungu hicho kiliondolewa na hakijarudi.

Wasabato wako mbali zaidi: wafu wamelala, na baada ya hukumu waovu watateketea wasiwepo tena, ndiyo mauti ya pili ya Ufunuo 20:14. Kwao hakuna anayeungua leo.

Basi mjane wa Kikatoliki akiniuliza habari za mumewe, namwambia aende parokiani akaandikishe Misa ya marehemu. Kanisa haliwaombei walioko jehanamu. Likikubali kumwombea huyo, halijamhukumu.