Mandhari ya ajabu maana yake nini?

Mandhari ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa nadhari. Yote mawili yanahusu kutazama. Mandhari nzuri tunaijua: Kilimanjaro asubuhi, mawingu yamefunguka. Mandhari ya ajabu ni kitu kingine. Hapo jicho linaona, akili inakataa. Muonyeshe mtu kwenye daladala picha ya Ziwa Natron likiwa jekundu, atakwambia imechezewa.

Haijachezewa. Natron hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro na ya chemchemi za moto, lakini hayana pa kutokea. Jua ndilo linaloyaondoa, magadi yanabaki na kuzidi kukolea. Wekundu unatokana na viumbe wadogo mno wanaostawi kwenye chumvi kali. Na maji hayo hayo, yanayochoma ngozi, ndiyo yanayowalinda heroe wadogo, yaani flamingo wa aina ndogo: wengi wa dunia nzima huanguliwa pale, kwa kuwa maadui wao hawathubutu kuwafuata.

Anayetaka kuelewa kazi hii aende Kunduchi kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa, yanafungiwa, jua linayakausha, ardhi inabaki nyeupe. Sasa kazi hiyo ipe maziwa ya kale na maelfu ya miaka, na utapata Salar de Uyuni kule Bolivia: uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ambao mkoa wetu wa Dar es Salaam ungeingia zaidi ya mara sita. Mvua ikinyesha, maji hutanda juu yake kama kioo, nawe unatembea mawingu yakiwa chini ya miguu yako. Kwangu mimi, ajabu imezidi baada ya kujua chanzo chake, haikupungua.

Wala si lazima iwe rangi. Karibu na Bonde la Oldupai kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la hilali, na kinahama. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Upepo unazisukuma chembe kutoka mgongoni, zinapanda, zinaangukia mbele, na kwa kuwa zina usumaku hazitawanyiki ovyo. Kinasogea takriban mita 17 kwa mwaka, na nyuma yake zimesimikwa alama zinazoonyesha kilipokuwa miaka iliyopita.