Nyumba ya mfanyabiashara inasomwa kuanzia nyuma

Kila mwaka mvua za Novemba zikianza, napigiwa simu na familia zenye nyumba za zamani hapa Lubumbashi. Bati linavuja, ukuta umelowa, na katikati ya mazungumzo linatoka neno lingine: «Papa, tumewaza hii nyumba ya babu tuifanye makumbusho.» Nafurahi kila nikisikia hivyo. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo, na katika mji huu ninayoyapenda zaidi ni nyumba za wafanyabiashara: magazini (duka) mbele, barza inayoelekea barabara, vyumba vya familia, kisha uwanja, na mwisho kabisa wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, boyeri: chumba cha watumishi.

Nikifika, wenye nyumba hunionyesha kwanza kabati la mbao, saa ya ukutani na picha za harusi. Mimi naomba tuanzie boyeri. Wengi hushangaa. Wengine hunijibu kwamba waliibomoa mwaka jana ili gari lipate mahali pa kulala, na hapo huwa naumia kweli, kwa sababu sehemu hiyo ikishaondoka, nusu ya habari za nyumba imekwenda nayo.

Reli kutoka kusini ilifika hapa Septemba 1910, mji ukiitwa Élisabethville, na kwa reli hiyo wakaja wafanyabiashara: Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Waliuza vitambaa, blanketi, chumvi, makayabu (samaki wa chumvi), baiskeli. Lakini magunia hayakutoka stesheni yenyewe. Kuna mtu aliyeyabeba, akayahesabu, akafagia magazini alfajiri, akawasha moto, akafua mashuka ya familia. Huyo alilala boyeri, au jioni alirudi kwa miguu hadi Commune Albert, ambayo leo ni Kamalondo, akivuka eneo lililoachwa tupu makusudi kati ya mji wa wazungu na makazi ya Waafrika. Ukimwonyesha mgeni sebule tu, atatoka akidhani biashara ile iliendeshwa na tajiri na daftari lake.

Tena nyumba hizi hazina familia moja. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara nyingi za wageni zitapewa Wazairwa, yaani raia wa nchi hii iliyoitwa Zaire wakati ule, na magazini moja baada ya nyingine ikapata wenyewe wapya. Niliwahi kukwangua rangi juu ya mlango mmoja nikakuta majina mawili, moja limeandikwa juu ya lingine. Familia ilitaka jina la chini lifutwe kabisa. Tulizungumza siku tatu. Mwishowe walikubali yabaki yote mawili, na mimi naamini ubao ule utafundisha kuliko maelezo yoyote nitakayobandika ukutani.

Wenzetu wa mbali wamepita njia hii. Kule Lamu, mji wa kale ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kuna nyumba ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Wageni husimama mbele ya zidaka, vile vijishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa, na wana haki ya kusimama. Ila katika nyumba nyingi za ghorofa za mji ule, sehemu ya chini ilikuwa ghala na mahali pa watumwa. Ukipanda ngazi moja kwa moja umeiruka.

New York nako iko nyumba iitwayo Merchant's House. Ilijengwa mwaka 1832. Miaka mitatu baadaye ikanunuliwa na Seabury Tredwell, aliyetajirika kwa kuuza bidhaa za chuma. Binti yake wa mwisho, Gertrude, alizaliwa humo mwaka 1840 akafia humo mwaka 1933, na mwaka 1936 milango ikafunguliwa kwa watu, samani za familia zikiwa bado ndani. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mgeni hupandishwa hadi ghorofa ya juu kabisa, kwenye vyumba walimolala watumishi wa kike kutoka Ireland.

Sasa nirudi kwenye ukuta wa kwetu. Mafundi wengi wa hapa hufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, udongo mzuri unaoshikana. Tofali likichomwa kwa moto hafifu linanyonya maji kutoka ardhini. Fundi akiona unyevu anakimbilia simenti, na hilo ndilo kosa ninalolikuta kila mahali. Simenti ni ngumu, inafunga njia ya maji kutoka. Chumvi inajikusanya nyuma yake, na tofali linageuka unga huku kwa nje ukuta unaonekana mzima. Chokaa ni laini, huacha ukuta upumue. Itachakaa, ndiyo, lakini kuipiga upya ni rahisi kuliko kujenga ukuta upya.

Na masizi msiyaoshe! Mwaka huu, kwenye nyumba tunayoipima sasa, mzee mmoja aliyefanya kazi pale ujanani alikuja kututembelea. Hakuangalia sebule. Alipita uwanjani hadi boyeri, akaweka kiganja kwenye weusi wa ukuta, akasema mbabula, jiko la makaa, ilikaa hapa, bukari (ugali) iliiva hapa, na godoro lilikuwa upande ule kwa sababu huku paa lilivuja. Dakika kumi tu, na tukapata ramani ya chumba ambayo hakuna karatasi ya familia iliyoitaja. Tulirekodi sauti yake kwa ruhusa yake, tukachora, tukapiga picha, ndipo tukahamisha vitu.

Familia imekubali kusubiri hadi Mei, mvua ziishe na ukuta ukauke, ndipo tupige chokaa, tukiruka ule upande wenye masizi. Kwa sasa mlango wa boyeri unaachwa wazi mchana kutwa, upepo upite.