Kutia turubai dawa ya kuzuia maji bila kuumiza mapafu wala kuchoma duka: maswali na majibu

Mvua za Machi mpaka Mei zikikaribia, na tena zile za Septemba mpaka Novemba, mafundi wa maturubai wanafanya kazi mpaka usiku. Malori ya njia ya Malaba na Mutukula, mipakani mwa Uganda, yanataka kufunikwa, mahema ya harusi yanavuja, wenye vibanda sokoni nao wako kwenye foleni. Na kazi yenyewe mara nyingi inafanyika ndani ya kontena lenye mlango mmoja. Haya ni maswali ambayo mafundi wanauliza sana, nimejibu nikiwa nafikiria watu wanaokaa na hizo harufu kutwa nzima.

Turubai langu ni lile la plastiki, nitie dawa gani?

Usitie kitu. Turubai la PVC ama la nailoni halinyonyi maji, likivuja ujue shida iko kwenye mshono, tundu ama pale lilipokunjwa likapasuka, hapo unabandika kiraka basi. Dawa ya kuzuia maji ni ya kenvasi ya pamba. Kama huna uhakika dondosha maji kidogo juu ya kitambaa safi, yakizama ni pamba inayohitaji dawa, yakisimama kama shanga achana nalo. Lakini gundi ya kubandika kiraka nayo inatoa mvuke, kwa hiyo mambo ya hewa nitakayosema hapa chini yanakuhusu na wewe.

Sisi tunayeyusha mishumaa kwenye petroli halafu tunapaka na brashi, kila mtu anafanya hivyo. Shida iko wapi?

Shida ziko mbili na zote zinaua, moja haraka na nyingine polepole.

Ya haraka ni moto. Petroli haingoji joto, hata kwenye baridi ya barafu bado inatoa mvuke unaoshika moto, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukatoka kwa dirisha, unatambaa chini kwenye sakafu, unapita chini ya mlango mpaka kwa kijana wa rolex, chapati ya mayai, mwenye sigiri yake (jiko la mkaa) hapo nje, halafu moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye ndoo yako. Ndiyo maana mtu anakwambia "mimi sikuwasha kiberiti" na anasema kweli kabisa. Mafuta ya taa yanachelewa kidogo, yanahitaji joto la kama digrii 38 na kuendelea, lakini ukiyaweka kwenye sigiri yayeyushe mshumaa hizo digrii yanazifikia baada ya muda mfupi tu.

Na hata baada ya kukauka kitambaa chenyewe kimeshakuwa kama utambi. Tarehe 6 Julai 1944 huko Hartford, Marekani, hema la sarakasi lilishika moto likiwa na watu maelfu ndani, wakafa zaidi ya 160, wengi wanawake na watoto. Lile hema lilikuwa limetiwa nta ya parafini, ile ya mishumaa, iliyoyeyushwa kwa petroli, ni mchanganyiko huuhuu. Kwa hiyo hema la harusi ama la msiba, ambalo watu watakaa chini yake na masufuria yanachemka pembeni, mimi nasema usilitie nta kabisa, hata ile isiyo na petroli.

Ya polepole ni mwili wako. Mvuke wa petroli na thina, ile ya kupunguza uzito wa rangi, ukivuta unaingia kwenye damu na unafika kichwani, unaanza kizunguzungu, kichefuchefu, unacheka ovyo ama unakasirika bure, miguu inakuwa ya mlevi na hujaonja hata waragi. Hizo zinapita ukipata hewa safi. Lakini petroli ina benzini ndani, na benzini ukiivuta miaka na miaka inaweza kuleta saratani ya damu, hilo halina ubishi kwa wataalamu. Gundi nyingine na thina nyingine zina heksani, ambayo inakula mishipa ya fahamu, mtu anaanza kusikia ganzi kwenye vidole vya miguu, baadaye mikono, baadaye sindano inamponyoka. Mama mjamzito asikae humo kabisa, na mtoto asilazwe nyuma ya cherehani eti amelala vizuri, huenda amelewa mvuke.

Kila jioni nikitoka kazini kichwa kinagonga na mwili unatetemeka, nameza dawa za malaria lakini inarudi. Ni nini?

Kwanza pima. Hapa Uganda malaria ipo na inaua, usije ukasema ni kemikali kumbe ni mbu. Lakini kipimo kikisema huna, acha kumeza dawa za malaria na za taifodi kwa kubahatisha, angalia kalenda yako ya kazi. Kichwa kinaanza mchana, kinazidi jioni, Jumapili ukikaa nyumbani kinapotea, Jumatatu kinarudi? Huo ni mvuke. Mweleze daktari kazi unayofanya hata kama hajakuuliza, kwa sababu mara nyingi hawaulizi, na bila hiyo habari atakutibu kitu kingine.

Kuna na homa nyingine ambayo wachache wanaijua. Spre nyingi za kuzuia maji zina kemikali za floraini, zile zilizo ndugu na kitu kinachopakwa kwenye kikaango kisichogandisha chakula. Zikichomwa sana, hata kwenye ncha ya sigara uliyoishika na vidole vyenye dawa, zinatoa moshi unaoleta homa na baridi baada ya masaa machache, kama malaria tupu, na kifua kinabana. Kwa kawaida inaisha kwa siku moja ama mbili. Dawa yake ya kweli ni kunawa mikono na kutoka mahali pa kazi kabla ya kuvuta sigara, pakiti yenyewe isikae hata kwenye meza ya kazi.

Spre ya kopo haina harufu kali, si ni salama kuliko petroli?

Harufu haipimi hatari. Spre inakata dawa kuwa matone madogo sana, yanafika chini kabisa kwenye mapafu, na kazi yake ni kufukuza maji, sasa mapafu yana utando wa majimaji unaoyasaidia kufunguka na kufunga. Dawa ikifika pale inauharibu. Mwaka 2002 na 2003 huko Uswisi na Uholanzi watu zaidi ya mia waliugua mapafu baada ya kupuliza spre za kuzuia maji kwenye viatu, ngozi na vitambaa, kikohozi, kifua kubana, pumzi kukata, wengine wakalazwa. Na wengi walipuliza ndani ya nyumba.

Kwa hiyo puliza nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, turubai likiwa limetundikwa. Kama unaweza kununua dawa ya maji inayopakwa kwa brashi ama rola, chukua hiyo. Ukianza kukohoa na pumzi inakuwa fupi usisubiri kesho, nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi ili wasome kilichoandikwa, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidi kuharibika masaa kadhaa baadaye.

Nikivaa ile barakoa ya wakati wa korona?

Hapana. Inazuia vumbi na mate, mvuke unapita kama haipo. Inayofanya kazi ni maski ya mpira yenye filta za mkaa, zile za Ulaya zina mstari wa rangi ya kahawia, na kwa spre inatakiwa iwe na filta ya matone pia. Ikae imebana usoni, ndevu zinaivujisha. Ukianza kusikia harufu ndani yake filta imekwisha, badilisha. Na maski haigeuzi kontena kuwa uwanja, bado toka nje.

Kuna njia ambayo haina petroli wala spre?

Zipo na ni za zamani, na ningependa mafundi wazirudie.

Ya kwanza ni nta kavu. Chukua nta ya nyuki, ile ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, inapatikana, changanya na mshumaa ukitaka iwe ngumu. Iyeyushe kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, usiiweke moja kwa moja juu ya moto, halafu imwage kwenye kikombe igande kuwa kipande kama sabuni. Turubai likiwa safi na kavu kabisa liweke juani mpaka lipate joto, sugua kipande kwa nguvu, kwenye mishono rudia mara mbili, kisha pitisha pasi ya joto dogo juu ya karatasi ili nta iingie ndani ya uzi. Nta ikianza kutoa moshi umepitiliza, punguza joto. Ikishika moto usimwage maji, yatairusha mpaka usoni, funika na kifuniko na uzime sigiri.

Ya pili ni sabuni na shabu (alamu, ile ya kusafishia maji), na hii ni nzuri kwa turubai kubwa na hata mahema kwa sababu haina nta. Kwaruza nusu kilo ya sabuni ya kipande kwenye lita 7 ama 8 za maji moto, loweka turubai, likamue kidogo, lianike likauke. Halafu robo kilo ya shabu kwenye lita 4 za maji moto, loweka tena masaa machache, anika. Sabuni na shabu zikikutana ndani ya uzi zinakuwa kitu kisichoyeyuka kwenye maji. Haidumu kama ya kiwandani, unarudia baada ya muda, lakini hakuna mvuke wala moto.

Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), yale ya mafundi mbao, vipi?

Yanafanya kazi, ila angalia matambara yake. Yakikauka yanatoa joto yenyewe, ukiyarundika kwenye kona usiku yanaweza kuwaka bila mtu kuyagusa. Yatandaze nje moja moja yakauke ama yatie kwenye debe la maji lenye kifuniko.

Mikono inapasuka na kuwasha.

Unanawa na petroli ama thina, sivyo? Inatoa mafuta yote ya ngozi na nyingine inaingia mwilini. Sugua na mafuta ya kupikia kwanza, nta itaachia, ndiyo unawe na sabuni, mwisho paka vaselini. Glavu ziwe za naitraili, zile nyembamba za mpira wa kawaida (lateksi) za hospitali zinalainika na kupasuka.

Mtoto amekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, tumpe maziwa?

Usimpe maziwa na usimtapishe. Akitapika mafuta yanaingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, chukua na ile chupa. Na leo hiihii hamisha kemikali zote kutoka chupa za soda na maji, ziwe kwenye vyombo vyake vyenye jina, juu, pamefungwa.

Bosi anasema kila mtu ajinunulie glavu na maski.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka yeye atoe vifaa vya kujikinga, bila kukukata mshahara. Ukiumia ama ukiugua kwa sababu ya kazi kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi pia, kwa hiyo weka karatasi zako za hospitali na uandike tarehe na jina la dawa mliyokuwa mnatumia. Malalamiko yanapelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ama idara ya usalama kazini kwenye Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Nalala dukani, turubai bichi naliacha ndani lisiibiwe. Kuna neno?

Lipo. Linaendelea kutoa mvuke usiku kucha na wewe umefunga mlango, ukiwasha mshumaa ama kiberiti cha sigara ni hatari nyingine juu yake. Paka asubuhi mapema ili mpaka jioni liwe limekauka nje. Likibaki bichi, wewe ndiye utakayelala kwingine usiku huo.