Binti aliyejifungua anarudi shule: barua, namba ya PReM na dirisha sahihi

Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Wazazi wengi wa Arusha wanalijua hilo siku hizi. Wanakokwama ni kwenye makaratasi. Binti anafika shuleni na mama yake, wanaambiwa kwa mdomo "nendeni QT" (mtihani wa kujitegemea unaochukua nafasi ya upimaji wa kidato cha pili), wanarudi nyumbani, na hakuna palipoandikwa kwamba waliwahi kufika.

Kwa hiyo msiende mikono mitupu. Barua ya mkono, ukurasa mmoja, inatosha. Iende kwa Mkuu wa Shule, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Iwe na majina matatu kama yalivyo kwenye rejesta (jina la nyumbani likae nyumbani), kidato alichoachia, mwezi na mwaka alioondoka, namba yake ya PReM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani), na kidato anachoomba kuanzia. Kuhusu ujauzito sentensi moja yatosha. Kadi ya kliniki usiiambatishe, haihusiki. Andikeni nakala mbili, na ile mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wiki mbili zikipita kimya, pandeni na nakala hiyo hadi kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri.

Halmashauri ipi? Hapa watu hupoteza nauli. Sokon I iko Jiji la Arusha, Sokon II iko Halmashauri ya Arusha. Ngaramtoni na Kisongo ni Halmashauri ya Arusha. Usa River na Tengeru ni Meru. Kinachoangaliwa ni shule ilipo, si mnapoishi.

Namba ya PReM ndiyo inayosumbua kuliko yote. Mwanafunzi huipata tangu msingi, na Baraza la Mitihani humfuatilia kwa namba hiyo. Binti wengi hawataki kurudi shule ileile kwa kuogopa maneno, na mimi siwalaumu. Tatizo ni pale anapopokelewa shule mpya kwa huruma ya mwalimu, anakaa darasani, anafanya majaribio, lakini uhamisho haujafanyika kwenye mfumo. Usajili wa mtihani ukifika, jina lake bado linasomeka shule ya zamani, pengine kama mtoro. Wakuu wa shule wote wawili washughulikie uhamisho huo kwenye mfumo, na mzazi aombe kuonyeshwa jina la mwanawe kwenye orodha ya shule mpya. Aombe mapema, Januari au Julai muhula unapoanza, si wiki ya usajili.

Sasa hiyo QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Ni njia halali na nzuri kwa anayeihitaji, ila imegeuzwa jalala la kila binti mwenye mtoto. Aliyefaulu upimaji wa kidato cha pili hana haja nayo. Hata akiamua kutorudi darasani, matokeo hayo yanampa sifa ya kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kumrudisha kwenye Maarifa ni kumlia mwaka mzima na ada juu yake. QT ni ya aliyetoka kabla ya upimaji huo au asiyeufaulu. Usajili wa mitihani yote miwili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa mtihani wa Novemba, na anayechelewa hulipa faini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa kusoma sekondari kwa miaka miwili: hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili ni cha tatu na cha nne. Chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, wasichana wamesoma humo bila ada; ulizeni nafasi ofisi ya mkoa.

Kuna jambo huchanganywa makusudi. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa 2016, kinampa aliyempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Hiyo ni kesi ya polisi na mahakama. Msikubali maombi ya kurudi shule yasubiri hukumu.

Michango ya chakula itadaiwa. Lipeni mkiweza, lakini mwanafunzi hafukuzwi kwa mchango.

Likabaki la mtoto. Shule ya kutwa iliyo karibu inafaa kuliko bweni. Anayenyonyesha akamue kabla ya kutoka, kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa. Maziwa hukaa bila friji hadi muda wa saa nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25, na asubuhi nyingi za Arusha ziko chini ya hapo. Bibi anyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa. Shuleni akamue tena wakati wa mapumziko: matiti yakijaa hadi jioni huuma, hulowesha sare, na maziwa hupungua ndani ya siku chache. Anahitaji dakika 15, chumba chenye komeo na vitambaa viwili vya pamba. Mwalimu wa malezi aambiwe kabla ya siku ya kwanza, ili asije akamwandika mtoro wa kipindi.