Falsafa haina desa: namna ya kuisoma shahada ya falsafa na maadili

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, hosteli za Malimbe na Nyegezi hapa Mwanza hujaa wanafunzi wapya wanaoulizana nani ana desa la mwaka jana, yaani notisi walizoacha waliotangulia. Kwa kozi nyingine swali hilo lina maana yake. Kwa falsafa, hapo ndipo sapu, yaani mtihani wa marudio, inapoanzia. Desa litakueleza alichosema Aristotle, ilhali mtihani unauliza kama alichosema kinasimama, na kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawaifanyi. Shahada ya miaka 3 nchini ina krediti zisizopungua 360, na krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Ukitoa mihadhara na semina za saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, umetumia saa 45. Zilizobaki 55 ni zako: karibu saa 4 kila wiki kwa kila kozi, na haziwezi kulimbikizwa zikaliwa msuli siku tatu kabla ya mtihani. Kurasa 10 za Kant, mwanafalsafa Mjerumani, peke yake zinaweza kuzimaliza saa hizo 4. Ni kawaida, usidhani una kichwa kizito.

Kurasa hizo zisome mara tatu. Mara ya kwanza pita haraka ukitafuta kitu kimoja tu: huyu anataka nikubali nini? Kiandike pembeni kwa sentensi moja, kwa maneno yako. Mara ya pili tafuta nguzo, yaani madai ambayo hitimisho limeegemea, uyape namba. Mara ya tatu simama upande wa mpinzani. Kupaka rangi ya njano nusu ya ukurasa hakumo katika hatua hizo. Kunakuachia ukurasa wa njano, basi.

Tuifanye kazi hiyo kwa hoja inayosikika kwenye mialo ya ziwa letu. Sheria inakataza kuvua sangara wasiofikia sentimita 50. Mvuvi akiulizwa kwa nini amebeba wa sentimita 35, jibu huwa: "Nisipomchukua mimi, atachukuliwa na mwingine." Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba huyo ni mbinafsi, na alama zake zitaishia hapo, kwa sababu amemhukumu mtu na kuiacha hoja. Iandike hoja yenyewe. Nguzo ya 1: nisipomvua mimi, atavuliwa na mwingine. Hitimisho: kwa hiyo sikosei nikimvua. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na kazi yako ni kuitafuta nguzo iliyofichwa ndani yake. Ni hii: jambo ambalo mwingine angelifanya hata hivyo, si kosa mimi kulifanya.

Ikishatoka hadharani, ijaribu. Abiria amesahau simu kwenye kiti cha daladala, na una hakika kwamba usipoiiba wewe, wa kiti cha nyuma ataiiba. Je, hapo si wizi? Wachache watakubali. Mfano kinzani mmoja umetosha kuonyesha kwamba nguzo hiyo, kwa upana ilivyosemwa, haibebi mzigo. Mvuvi bado anaweza kuirekebisha, kwa mfano aseme inahusu vitu visivyo na mwenyewe tu. Mwanafunzi mzuri humpa nafasi hiyo, kisha anaijaribu nguzo mpya.

Nadharia za maadili ziingie baada ya hapo, wala si kabla. Tena zisiingie kama foleni ya "Kant angesema, Mill angesema". Anayepima tendo kwa matokeo yake peke yake, kwa njia ya Mill, mwanafalsafa Mwingereza, hapa anabanwa: kama samaki atakufa vyovyote vile, tofauti ya matokeo iko wapi? Inabidi aonyeshe kwamba tendo la mmoja linalegeza wengine, au ahame kutoka kupima tendo hadi kupima kanuni. Kwa Kant, ambaye kitabu chake cha msingi wa maadili kilitoka mwaka 1785, kosa la wanafunzi ni lilelile kila muhula: wanaandika kwamba tendo ni baya kwa sababu wote wakilifanya samaki wataisha. Hayo ni matokeo tena! Swali la Kant ni kama unaweza, bila kujipinga, kutaka kanuni unayoifuata iwe sheria ya kila mtu. Kuna anayesema, "nitavunja mpaka huu huku nikitegemea wengine wauheshimu ili samaki wawepo." Huyo anajipinga. Mvuvi wetu lakini hategemei wengine waheshimu; yeye anasema hakuna anayeheshimu. Je, kanuni yake ni ileile? Hapo ndipo insha nzuri inapoanzia.

Lugha nayo. Tunafikiri kwa Kiswahili, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, na katikati mantiki inavuja. "Wanafunzi wote hawajafika" kwetu humaanisha hakuna hata mmoja aliyefika. Ukiihamisha neno kwa neno kwenda Kiingereza, msomaji anaweza kuelewa kwamba baadhi wamefika. Kwenye zoezi la mantiki tofauti hiyo inabomoa jibu zima. Neno "sababu" ni mtego mwingine. Sababu ya mtumbwi kuzama ni upepo. Sababu ya kuamini kwamba umezama ni makasia yaliyoonekana yakielea ufukweni. Ya kwanza ni chanzo cha tukio, ya pili ni ushahidi wa imani, na falsafa haikubali uzichanganye. Ushauri wetu: panga hoja kwa Kiswahili kwanza, nguzo kwa nguzo, kisha andika Kiingereza chepesi. Sentensi ndefu za kuazima hazimdanganyi msahihishaji.

Mantiki yenyewe hujifunzwa kwa mazoezi ya kila siku, kama hesabu. Mvua ikinyesha, barabara ya mtaani huwa na tope. Leo ina tope. Kwa hiyo mvua imenyesha. Bomba likipasuka je? Fanya matano ya aina hiyo kila siku, nusu saa inatosha.

Upande wa falsafa ya Kiafrika usiende na mkoba wa methali ukidhani umemaliza. Mjadala ulichochewa na kitabu cha Placide Tempels cha 1945, mmisionari Mbelgiji aliyekuwa Kongo. Alexis Kagame wa Rwanda akafuata mwaka 1956, akipanga aina za vilivyopo kwa mzizi -ntu, ambao msemaji wa Kiswahili anausikia katika "mtu" na "kitu". Paulin Hountondji wa Benin akawapinga wanaoita falsafa mawazo ya kabila zima yasiyo na mtu mmoja anayeyatetea. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Siaya, ng'ambo ya ziwa hili hili, akajibu kwa kwenda kuwahoji wazee. Alitofautisha mzee anayeijua mila na kuieleza na mzee anayeihoji mila hiyo hiyo kwa hoja zake.

Utafiti wa aina hiyo unawezekana Magu, Misungwi au Ukerewe, lakini kinachoukwamisha ni maswali. "Wasukuma wanasemaje kuhusu mahari?" hukuletea mila. Uliza: "Wewe unakubaliana nao? Kwa nini? Na kijana akikataa kwa sababu hii, utamjibu nini?" Barua ya chuo ipitie mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kata kabla hujapanda basi. Ridhaa ya mzee iombwe kabla ya kuwasha kinasa sauti, na umweleze kwamba anaweza kukataa au kuishia katikati. Rudi siku ya pili ukiwa na majibu yake ya jana, umsomee. Akibadili msimamo usifute wa kwanza: andika yote miwili, tarehe, na sababu aliyoitoa.